Nilivyozishona Medali za Meja Upande wa Marehemu

Niwaambie mapema ndio msinisumbue baadaye: kwa hii hadithi mimi natoka mjinga. Nimejaribu kuipunguza hapa, nimeiongeza pindo pale, bado natoka mjinga. Basi nikaiacha ikae hivyo. Nguo ikikataa kumkaa mtu mara ya tatu, shida si nguo.

Nyinyi vijana mnaokalia mashini yangu saa hii, pale kwa veranda nyuma ya soko ya Kakamega, najua mnaniitanga "mstaafu" halafu mnacheka. Chekeni. Niko na miaka thelathini na nne na nimestaafu. Nimetoa mguu kwa pedali nikarudi Kabras kwa miwa ya baba, na sioni haya. Wanajeshi pia wanastaafunga mapema, na mimi nimeshonea wanajeshi. Sawa, nimeshonea mwanajeshi mmoja. Lakini huyo mmoja alikuwa meja.

Shule niliachia darasa la nane. Hesabu ya kitabu ilinikataa, nami nikaikataa. Lakini kiuno cha mtu nilikuwa nakijua akiwa bado ng'ambo ya barabara, na kama amekula, najua pia. Hiyo sikufundishwa na mwalimu. Nilifundishwa na Bi Rehema, mama wa Mumias, ambaye ndiye alikuwa mwenye hiyo veranda kabla ya sisi wote. Bi Rehema hakuwa anapiga kelele. Ukishona vibaya anakuja, anaangalia, anasema "Alhamdulillahi," halafu anafumua yote mbele ya mteja. Mimi nimefumuliwa mbele ya watu mpaka nikazoea. Ndio maana nawaambia, aibu ni kama kidonda cha sindano. Inauma, unalamba kidole, unaendelea.

Mambo aliyonifundisha ni mengi, lakini mawili ndio yanaingia hapa. La kwanza, fundi anatembea na sindano imechomekwa chini ya kola, na uzi umezungushwa hapo. Hata harusini. Hata kanisani. Hata ukienda kuposa. La pili, koti ya mwanamume, upande wa kushoto unalala juu ya kulia. Ya mwanamke ni kinyume, kulia juu ya kushoto. "Ukisahau," aliniambia, "mteja wako atahangaika na vifungo kama mtu anafungua lango la jirani."

Na nilisahau. Niliwahi kumshonea mama mmoja wa kwaya koti ikafunga kiume. Aliirudisha akaiweka kwa meza, akaniuliza pole pole, "Fundi, hii ulishonea bwanangu?" Kutoka siku hiyo niliingiwa na woga. Nguo ya mwanamke ikija, nageuza kila kitu. Kifungo nageuza. Mfuko wa kifua nageuza. Kama ingekuwa na mkia ningegeuza mkia. Shikeni hapo, kwa sababu huo woga ndio ulinimaliza.

Sasa Meja. Alikuja siku moja asubuhi, mama mrefu, nywele fupi imeanza kuwa nyeupe, viatu vinang'aa mpaka unaona meno yako. Anaitwa Nanzala, alikuwa ameolewa Khwisero. Watu wa soko walikuwa wanamuogopa bila kujua sababu. Mimi nilijua nikishika tepu: huyo mama anasimama mpaka tepu inanyooka yenyewe.

"Mbona umeshika pumzi?" akaniuliza.

"Naogopa kukosea, Meja."

"Pumua. Mtu akishika pumzi ndio anakosea."

Alitaka koti ya bluu nzito. Bwana yake, Eliakim, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na sasa kulikuwa na maombi ya kumkumbuka pale nyumbani. Nikamuuliza kwa nini asivae ile nguo ya jeshi yenyewe. Akasema ile ilibaki kwa kazi. "Ukistaafu unakuwa raia, unavaa koti ya raia. Lakini medali zinatembea na mwenyewe."

Koti ilipoisha, akaniletea medali ndani ya mkebe wa kakao. Zilikuwa nne. Akazipanga kwa meza yangu juu ya vumbi la chaki, moja moja, na nikaona mikono yake ilikuwa haijui vizuri.

"Mimi hata sijawahi kuzibandika," akasema. "Eliakim ndiye alikuwa anafanya hiyo kazi. Kila sikukuu ya taifa yeye anasugua na kitambaa chake, anazipanga, ananivalisha. Mimi nakunywa chai."

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwa anataka kuniambia. Shemeji yake, Zakayo, ndugu ya marehemu, alikuwa amezunguka Khwisero yote akisema hizo medali ni za Eliakim. Kwamba mwanamke hapewi medali ya ushujaa, anapewa tu ya kupika. Eliakim naye alikuwa jeshini, ndiyo, sajini wa kuendesha lori, lakini mguu uliumia mapema akarudi nyumbani. Zakayo alikuwa ameshatengenezesha kisanduku cha kioo na kufuli, akakijengea kwa simiti juu ya kaburi. Siku ya maombi anataka medali ziingie humo, zifungwe, na jina la Eliakim chini yake.

"Kwa hiyo nataka nizivae," Meja akasema. "Nisimame nazo mbele ya watu, zikae kwa kifua yangu. Akitaka kuzifungia, anifungie na mimi." Akanionyesha na kidole. "Hii ndiyo kubwa, inakaa karibu na vifungo. Halafu hii, hii, na hii ya mwisho inaelekea kwapani. Unajua zinakaa upande gani?"

Kijana, siku mteja atakuuliza kama unajua kitu, na wewe hujui, kuna neno moja fupi sana. Mimi hilo neno lilinikwama kwa koo kama mfupa wa ingokho, kuku wa kwetu.

"Meja," nikasema, "mimi ndio nimeshona beji za maskauti wa hapa wote."

Akaniangalia. "Maskauti."

"Na walinzi wa usiku."

"Haya."

Alipoenda, nikakaa na hizo medali nikifikiria. Kwa televisheni nilikuwa nimeona wakubwa wamezivaa, ziko kushoto. Bi Rehema ningemuuliza, lakini alikuwa ameenda Mumias kwa arusi ya mpwa wake. Nikajiambia, hao wakubwa ni wanaume. Hii ni koti ya mwanamke. Geuza. Na nilijisifu, wallahi. Nilisema fundi mwingine angekosea hapa.

Medali ni nzito, na hili mlishike: ukiishona kwa kitambaa peke yake, kifua inaanguka kama titi ya ng'ombe mzee. Lazima utie kitu kigumu ndani. Nikatia kanvasi kwa kifua ya kulia, nikazishona moja moja na uzi mara mbili, kubwa karibu na vifungo, vile aliniambia. Ilikuwa kazi safi. Upande mbaya, lakini safi.

Jumamosi ya maombi mvua ya Kakamega ilinichelewesha. Nilifika Khwisero nimekumbatia koti ndani ya nailoni kama mtoto mchanga, pasta ameshamaliza kuhubiri. Watu wamejaa kwa hema. Mbele ameketi Meja na blauzi nyeupe, karibu naye mama mzee sana, mama yake Eliakim na Zakayo, ambaye kila mtu anamwita Kukhu, yaani nyanya. Kando ya hema kaburi, na juu yake kile kisanduku cha kioo, kiko wazi, kufuli linaning'inia. Na Zakayo ameshika maikrofoni. Huyo mzee alikuwa askari jela zamani, mambo ya gwaride anayajua, hata maikrofoni alikuwa ameishika kama rungu.

Ningepita nyuma ya hema. Ningempa Meja koti kimya kimya, angeona makosa mara moja, tungetafuta mahali tukarekebisha. Mtu mwenye akili angepita nyuma. Mimi nilikuwa nimetengeneza koti nzuri kuliko zote za maisha yangu, na kulikuwa na watu mia na kitu hawajaiona. Nikapita mbele. Nikatoa nailoni. Nikainua koti juu na hanga, nikaigeuza pole pole ndio hata wale wa nyuma waone.

Watu wakasema "eeeh". Nikafurahi.

Kisha nikaona uso wa Meja. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaangalia koti vile mtu anaangalia daraja limebebwa na mto na yeye yuko upande huu.

Zakayo akacheka kwa maikrofoni. Cheko kwa maikrofoni ni kitu kibaya.

"Ndugu zangu," akasema, "ni nani hapa amewahi kuona gwaride? Medali za mtu mwenyewe zinakaa kushoto, juu ya moyo. Za kulia ni za marehemu. Mjane ama mtoto akivaa za marehemu, anavaa kulia. Mtu yeyote aliyevaa uniform anajua. Shemeji, ni uongo?"

Meja akasema, "Si uongo."

"Basi. Leo hata yeye amezitundika kulia. Ameshuhudia mwenyewe. Hizi ni za kaka yangu."

Nikapata sauti. "Mzee, samahani, ni mimi nimekosea."

"Hapana, fundi, hujakosea," Zakayo akasema, na akaja akanishika bega kwa upole. "Wewe ulikuwa unajua hiyo sheria?"

"Sikuwa najua."

"Mmesikia? Hakuwa anajua. Nani basi aliongoza huo mkono?" Akaangalia kaburi. "Ni Eliakim."

Na watu, nawaambia, watu wakasema amina. Mama mmoja akaanza kulia. Pasta akafumba macho. Mimi nilikuja pale fundi, sasa nimekuwa nabii. Mtu wa nyuma akaniletea kiti.

Hapo ndipo niliona kitu kimoja wazi. Nikikaa kwa hicho kiti, nitakula vizuri siku hiyo, nitapewa obusuma, ugali wetu, na paja la kuku, wateja wataongezeka, watu watakuja kutoka mbali kwa fundi wa maono. Na medali zitaingia kwa kile kioo, kufuli litafungwa. Na maisha yote ya huyo mama yataandikwa jina la mtu mwingine kwa sababu ya vifungo.

Sikukaa.

"Mzee Zakayo," nikasema, "hakuna roho imenishika. Mimi ni mjinga."

"Usijidharau, kijana."

"Sijidharau. Najijua. Niligeuza kwa sababu ni koti ya mwanamke. Vifungo vya mwanamke vinageuzwa, nikageuza na medali. Hiyo makosa ni yangu, nimeifanya na mikono yangu hii miwili, sitakubali mtu aniibie apatie marehemu."

Kuna kijana alicheka. Mwingine akacheka. Zakayo akasema ninyamaze, mimi nimeletwa kushona si kuongea. Nikamwambia hata kushona nimeshindwa, basi wacha niongee. Hema ikacheka yote, na mimi ndio nilikuwa nachekwa. Ni siku moja tu kwa maisha yangu nimepigania kuitwa mjinga, na nilipigana nikashinda.

Meja akasimama. "Fundi, uko na sindano?"

Nikainua kola. Bi Rehema, Mungu akuweke.

"Basi hamisha. Hapa hapa, wakiona."

Akachukua koti akaishika mbele yangu na mikono yake, imenyooka kama bendera. Nikafumua medali ya kwanza, ile ya kwapani. Nilipotaka kuishona kushoto nikakumbuka: kanvasi niliitia kulia tu. Kushoto hakuna kitu. Nikimshonea hivyo, atasimama na kifua imelegea, na Zakayo atasema hata kitambaa kimekataa.

"Meja," nikamnong'oneza, "nahitaji kitu kigumu ndani."

Hakuuliza. Akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa cha Eliakim cha kusugulia. Kipande cha hema la zamani la jeshi, kimekuwa cheusi na polishi, kimekauka kama ngozi. Nikafungua bitana kidogo, nikakiingiza kushoto. Kilitosha kama kimepimwa.

Nikaanza kushona, na yeye akaanza kuongea. Hakuhutubu. Aliongea kama mtu anasoma vitu vya jikoni.

"Hii unayoshika ni ya kukaa kazini bila doa. Waliniambia nitachoka nikizaa mtoto wa kwanza. Nilizaa watatu."

Nikakata uzi. Ya pili.

"Hiyo ni ya mafuriko. Mto ulivunja kingo, watu wakapanda juu ya paa la shule. Tulikuwa na mashua mbili, moja imetoboka. Nilikuwa luteni, na vijana wangu waliniangalia niwaambie kama ni ya kuogopa. Nikawaambia washike makasia."

Ya tatu.

"Hiyo tulipewa wote tulioenda kulinda amani nchi ya watu. Si ya ushujaa. Ni ya kwenda na kurudi. Wengine walienda."

Hapo nikasimamisha sindano.

Ya nne, ile kubwa, nikaifumua.

"Tulikuwa tunasindikiza malori ya unga. Lori la mbele likalipuka, sisi tukatoka salama. Dereva alibaki ndani. Nikarudi."

"Peke yako?" Zakayo akauliza. Alikuwa ameshusha maikrofoni.

"Na wewe ulikuwa wapi, shemeji, tungeenda wawili?"

Hakuna mtu alicheka. Zakayo akasema, "Hayo ni maneno. Kaka yangu naye alikuwa mwanajeshi. Alikuwa mwanamume. Mtu anataka nimkumbuke na nini, na sufuria?"

Na hapo nilielewa huyo mzee. Hakuwa mwizi. Alikuwa anaona haya kwa niaba ya ndugu yake.

Kukhu alikuwa hajasema neno tangu nifike. Akapiga fimbo chini, mara moja.

"Zakayo, omwana wanje, mtoto wangu. Wakati huyu alikuwa huko kwa malori ya unga, Eliakim alikuwa kwa jikoni yangu anapikia watoto uji. Mwanzo ulikuwa na madonge, mimi ndio nilimfundisha. Na kuna mtu alikuwa anakuja kila asubuhi na kikombe yake, anakunywa huo uji, anauliza kama umebaki. Nimtaje huyo mtu?"

Zakayo akasema, "Hapana, mama."

"Sasa sufuria ni mbaya?"

"Hapana, mama."

"Eliakim alijua ni za nani. Yeye ndiye alikuwa anazisugua. Mtu hasugui kitu miaka hiyo yote hajui mwenyewe." Akanigeukia. "Na wewe mjinga, maliza."

Nikamaliza. Meja akavaa koti yake, akafunga vifungo, akasimama kando ya kaburi. Hazikuanguka hata kidogo. Ndani kitambaa cha bwana yake kilikuwa kimezishika, na nje hakuna mtu angejua, isipokuwa yeye, mimi, na yeyote aliyemwona akipitisha mkono pale mara moja. Kile kisanduku cha kioo hakikubaki bure. Meja alitoa kwa mkoba mkebe wa polishi wa Eliakim, umebondeka, nusu imeisha, akauweka ndani, na akamwambia Zakayo afunge kufuli yeye mwenyewe. Zakayo alifunga. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa anafuta macho na mkono ule ule wa ufunguo.

Mimi nilikula. Nilipewa shingo ya kuku, si paja. Manabii ndio wanapewanga paja.

Hadithi ilifika sokoni kabla yangu. Mpaka leo kuna watu wa Kakamega wananiita Fundi wa Kulia, na naitika. Bi Rehema alipotoka Mumias akanisikiliza yote, akasema "Alhamdulillahi," nikangoja anifumue. Hakunifumua. Akaniuliza tu kama sindano ilikuwa imeota kutu.

Kwa hivyo nyinyi mnaokalia mashini yangu, kosa likikutoka, lishike kabla mtu mwingine hajalipata. Watu wanafikiria kosa ni kitu bure. Kuna watu wanaokota makosa ya wengine wakajengea nyumba.

Baadaye, miwa ilikuwa haijaniita bado, niko pale kwa veranda napiga pasi suruali ya mwanafunzi, kivuli kikaniangukia kwa meza. Ni Zakayo. Amebeba koti yake ya zamani ya jela, imekunjwa ndani ya gazeti, na medali moja ndogo imefungwa kwa leso. Aliketi bila kukaribishwa. Aliangalia pasi yangu, akaangalia mashini, akakohoa.

"Fundi."

"Mzee."

"Hii nilipewa nikiwa kazini. Sijawahi kuivaa."

"Nitaishona, mzee. Unaitaka leo ama kesho?"

Akasimama, akanikaribia mpaka nikafikiria ananipiga. Akanigonga na kidole kwa kifua yangu, upande wa kushoto, akahakikisha nimesikia uchungu.

"Hapa," akasema. "Na usiongozwe na roho ya mtu yeyote. Mimi bado niko hai."